Magadi ya Chaza

Chaza wa dada yangu aliingia Tanzania akiwa na karatasi nyingi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Alikuwa na hati ya kuthibitisha kwamba alizalishwa shambani na hakuokotwa baharini, kibali cha kusafiri, barua ya daktari wa mifugo, na fomu nyingine mbili ambazo hata leo sijui zilikuwa za nini. Afisa wa pale mpakani Sirari alizisoma zote amesimama, akafungua boksi, akachungulia kwenye mfuko wa maji, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiki ni samaki, ni jiwe ama ni ua?" Mimi nafundisha baiolojia sekondari. Katika foleni nzima ile hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujibu swali hilo kunizidi, na jibu langu lilikuwa kwamba ni konokono wa aina fulani. Akagonga muhuri.

Baba yangu hana hata karatasi moja. Ukimuuliza alizaliwa mwaka gani anakuambia ni mwaka aliotahiriwa kaka yake mkubwa, na kaka yake mkubwa alishafariki, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Siku chaza anaingia nyumbani kwangu Turwa, mjini Tarime, baba alikuwa ametimiza wiki ya tatu pale, na alikuwa hajafungua begi lake.

Nianze na chaza, maana yeye ndiye aliyekuja na maelekezo. Chaza mkubwa ni mnyama wa baharini mwenye makombe mawili mazito yaliyoungana kwa nyuma. Akiwa na raha anayafungua na kutoa nje nyama laini ya pembeni, ambayo sisi nyumbani tuliishia kuiita midomo. Ya huyu wetu ilikuwa ya buluu iliyokolea, na madoadoa ya kijani. Wenzake walioachwa baharini wanaweza kukua hadi wanaume wanne wakashindwa kuwanyanyua. Wetu alikuwa na ukubwa wa ndala ya mtu mzima, na alikaa kwenye tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, sebuleni, mahali palipokuwa na kabati la vyombo. Bahari yenyewe mimi nimeiona mara mbili maishani, na mara zote mbili nilikuwa kwenye semina.

Dada huyo, mdogo wangu, ni nesi, kaolewa Kenya, na yeye na mumewe walikuwa wanafuga vitu hivyo nyumbani kwao Nairobi. Walipopata kazi ya ng'ambo ya miaka miwili, marafiki zao wenye matangi kama lao walijitolea kumchukua chaza. Dada akakataa. Hapo ndipo utajua mtu katoka wapi. Ng'ombe wa Mkurya hawakai zizi moja. Unampa ndugu wawili akufugie, unampa shemeji watatu, ili ugonjwa au wezi wasije wakawamaliza siku moja. Mdogo wangu ameishi upande ule miaka mingi, Kiswahili chake kimeshahama, lakini linapokuja suala la mnyama, mnyama hupelekwa kwa ndugu.

"Ni easy tu, sis," aliniambia kwenye simu. "Mwanga, chumvi, joto. Usimguseguse. Hata mtoto anaweza."

Kisha akanitumia maelekezo yenye kurasa thelathini. Taa maalumu iwake saa nane kwa siku, kwa sababu ndani ya ile midomo wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaompikia chakula kwa kutumia mwanga. Hita iwake muda wote, maana baridi ya Tarime hakuiumba Mungu kwa ajili ya viumbe wa tropiki. Maji ya mvua yachujwe, yachanganywe na chumvi ya paketi, si ya kupikia, yakae kwenye mapipa siku mbili. Kila wiki nipime chokaa iliyomo ndani ya maji, kisha nipime soda, si ya kunywa bali ya kuumulia maandazi, maana anajengea kombe lake kwa vitu hivyo viwili, na kilichopungua nikiongeze kutoka kwenye chupa zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Kwa ajili ya umeme kukatika, shemeji alinitumia paneli ya sola na betri. Mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, umeme ukikatika nilikuwa nawasha mshumaa.

Sasa baba. Sisi kwa baba ni wawili tu, mabinti, na mama alishatangulia. Alikuwa anaishi peke yake kijijini Gorong'a, kwenye nyumba yake, na kila aliyemwambia ahame alimjibu kwamba nyumba haiwezi kujifagia. Asubuhi moja alianguka nyuma ya migomba. Alilala pale hadi jua likamfika usoni, akaokolewa na mke wa jirani aliyekuja kuazima ungo. Hospitali walisema ni presha, ya siku nyingi, wakampa vidonge vya kumeza kila siku na wakaniambia mimi, si yeye, kwamba asikae peke yake. Mume wangu anafanya kazi Mwanza, watoto wako bweni, nyumba ilikuwa na nafasi. Nikamleta. Alikubali wiki mbili. Zilipoisha, kila asubuhi baada ya chai alisema, "Kesho naenda." Nami kila asubuhi nilikuwa nahofia kesho yenyewe, maana nilijua akirudi kule akaanguka tena, jirani huenda siku hiyo asiwe na shida ya ungo.

Alipomwona chaza kwa mara ya kwanza alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, kama mtu aliye mnadani anayetazama ng'ombe ambaye hana nia ya kumnunua.

"Analiwa?"

"Analiwa, lakini si huyu."

"Anakamuliwa?"

"Hapana, Tata." Tata ndiyo baba kwetu.

"Analinda nyumba?"

"Hapana."

"Sasa anafanya nini?"

"Anafungua na anafunga."

"Hata mlango unafanya hivyo," alisema baba, akaenda kukaa nje.

Nilimweleza kwamba chakula chake ni mwanga. Akatazama taa, iliyokuwa inameza umeme bila huruma. Akaenda hadi mlangoni, akatazama juu. Ilikuwa saa saba mchana na uani nguo zilikuwa zimekauka hadi zinakakamaa.

"Na hili la huku nje lina ubaya gani?"

Nilimpa jibu refu la kisayansi kuhusu joto la maji. Lilikuwa sahihi na halikumridhisha mtu yeyote, hata mimi.

Kilichombadilisha ni kivuli. Siku moja alipita karibu na tangi, chaza akajifunga, pwa, maji yakaruka. Akarudi nyuma. Chaza akafungua. Akapita tena. Akajifunga. Niliporudi kazini nilimkuta amekaa kwenye stuli, pembeni kabisa, ameishusha kofia.

"Ananiona," alisema.

Nikamwambia ni kweli. Chaza ana macho mamia, madogo mno, yamejipanga pembezoni mwa midomo, na yanajua mwanga na kivuli.

"Mamia?"

"Mamia."

"Na bado amekubali kukaa humu," alisema. Lakini kesho yake hakusema anaenda.

Kuanzia hapo alimchukua. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi alikuwa wa kwanza sebuleni kumtazama taa ikiwaka, na alijifunza kupita upande ambao kivuli chake hakiangukii majini. Alimwita mura, kama unavyomwita kijana wa kiume. "Mura, leo umeamka vibaya." "Mura, jana ulishinda umefungua, nani kakufurahisha?" Siku nilipomwambia kwamba chaza huanza maisha akiwa dume, akikua anakuwa dume na jike kwa pamoja, aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo akioa analipa mahari au analipwa?"

"Haoi, Tata."

"Ni salama yake," alisema. "Kesi hiyo ingetumaliza wazee."

Nilikuwa nacheka, na nilikuwa nafurahi kupita kiasi cha kicheko chenyewe. Begi lilifunguliwa. Fimbo ikapata kona yake. Vidonge alimeza bila kusukumwa, kwa sababu nilivipanga juu ya meza moja na chupa za chaza, na yeye alikuwa na tabia ya mfugaji: siku ya dawa, zizi zima linapata.

Halafu akaja kuniaibisha kwa mara ya kwanza. Midomo ya chaza ilikuwa imeanza kujikunja upande mmoja. Nilipima kila kinachopimika, nikasoma kurasa zote thelathini, nikaandika maswali kwa dada. Baba alikunja mkono wa shati, akaingiza kidole majini, akapapasa chini ya kombe mahali ambapo mimi sikuwahi kupapasa kwa sababu maelekezo yalisema nisimguseguse. Akatoa kitu cheupe kwenye ncha ya kidole, kidogo kuliko punje ya mchele.

"Kupe," alisema.

Walikuwa konokono wadogo wanaojificha pale na kumfyonza chaza damu yake isiyo na rangi. Habari zao zilikuwa ukurasa wa ishirini na saba. Nilimletea mswaki wa zamani, akamsugua taratibu, akitaja kila aliyemtoa kwa tusi la Kikurya, na kwa wiki kadhaa alirudia kazi hiyo kila baada ya siku mbili bila kukumbushwa. Midomo ikanyooka. Nilimwandikia dada kwamba nimegundua tatizo na nimelishughulikia. Niliandika "nimegundua," nakiri.

Mvua za masika zilipoanza, chaza alianza kusinyaa tena. Safari hii hakukuwa na kupe. Nilipima chokaa, ikawa sawa. Nilipima soda, ikawa sawa. Baba alisema hapana, si sawa, kwa sababu ule ukingo mweupe wa kombe, ule mpya, ulikuwa hauongezeki; alikuwa anaupima kwa ukucha wake tangu siku nyingi. Nikamwambia, kwa sauti ninayoitumia kidato cha pili, kwamba kipimo ni kipimo na ukucha ni ukucha.

Wakati huohuo akaja mgeni. Alikuwa mzee wa rika la baba, waliotahiriwa pamoja, anayeishi Machochwe upande wa Serengeti na kufuga ng'ombe karibu kabisa na mpaka wa hifadhi. Alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, yaliyokuwa yameingia ukungu hata akawa hawezi kutofautisha ndama na mbuzi. Wazee wa rika moja kwetu ni zaidi ya ndugu. Wanataniana matusi ambayo mtu mwingine angeyalipia ng'ombe. Niliwaacha wanakunywa chai, nikaenda shule.

Mazungumzo yao nilisimuliwa baadaye. Mgeni aliuliza huyo mnyama ana hali gani. Baba akamwambia hanawiri, kombe halikui. Mgeni akauliza, analamba nini? Baba akasema halambi kitu. Mgeni akasema, mnyama halambi magadi halafu mnashangaa hajengi mifupa? Alikuwa nayo kwenye mfuko wake, amenunua mnadani kwa ajili ya ng'ombe wake, imefungwa kwenye gazeti. Wakavunja bonge la kutosha ng'ombe mmoja. Na kwa kuwa ng'ombe hawekewi magadi mbali, baba aliliweka bonge lile majini mbele kabisa ya midomo ya chaza, ili alambe.

Niliporudi saa tisa niliwakuta wamekaa wakitazamana na tangi, wameridhika. Maji yalikuwa meupe. Hukuona mawe, hukuona chaza, hukuona chochote.

"Karibu, mwalimu," alisema mgeni, ambaye haoni. "Tumemtibu mnyama wako. Tata yako ananiambia maji yamekuwa kama maziwa. Hiyo ni dalili nzuri."

Mwalimu wa baiolojia alijua kilichotokea mara moja. Magadi ilikuwa imekutana na chokaa yote iliyokuwamo majini na kuigeuza unga, na maji yenyewe yalikuwa yamekuwa makali ya kuchoma. Nilitupa mkoba, nikaingiza mkono mzima, nikamgusa chaza. Alikuwa wazi, na hakujifunga. Chaza anayeguswa asijifunge anakaribia kufa.

Nilipiga kelele. Nilisema huyu si ng'ombe. Nilisema nani alikutuma. Nikiwa nakimbia na ndoo kutoka kwenye mapipa, nikimwaga maji mabaya uani na kutia mapya, nilisema mengi, na mengi nimeyasahau, ila moja. Nilisema, "Ng'ombe wako umewamaliza, sasa umekuja kumaliza wa wenzako!"

Nilisema hivyo mbele ya mtu wa rika lake.

Baba alikuwa na ng'ombe kumi na tisa nilipoanza darasa la kwanza. Hawakuibwa na hawakuugua. Waliondoka mmoja mmoja kila muhula, mimi na mdogo wangu tukapanda darasa, sekondari, chuo, hadi zizi likawa shamba la mihogo. Hakuna mtu duniani aliyejua hilo kuliko mimi. Niliyasema maneno yale nikiwa na elimu niliyoipata kwa ng'ombe hao.

Mgeni aliinuka, akapapasa fimbo yake, akasema anakwenda kwa mpwa wake. Baba alinisaidia kubeba ndoo mbili za mwisho. Kesho yake nilipotoka shule hakuwepo. Blanketi lilikuwa limekunjwa, kona ya fimbo ilikuwa tupu, na vidonge vyake alikuwa ameviacha pale pale mezani, kati ya chupa za chaza. Nilimpigia simu ikawa haipatikani. Jioni mke wa jirani wa Gorong'a alinitumia ujumbe kwamba mzee amefika.

Ningeweza kumfuata siku hiyo. Ningependa kuandika kwamba nilizuiwa na kazi. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na aibu, na nilipendelea kukaa na hasira. Nilijiambia chaza ndiye mgonjwa. Nikabadilisha maji mara tatu. Siku ya tatu alianza kujifunga nikimgusa. Siku ya tano alitoa midomo, nusu. Siku ya saba alikuwa wazi kabisa, buluu yake imerudi, kana kwamba katika nyumba hii halijawahi kutokea jambo.

Dada alipiga simu. "Clam wangu anaendelea aje?"

"Mzima."

"Na mzee?"

"Naye mzima," nilisema, ingawa hilo sikulijua.

Siku ileile shangazi wa mumewe aliniletea mzigo kutoka ng'ambo ya Sirari: chumvi, chupa mbili mpya, na vifaa vipya vya kupimia. Kwa uzoefu wa darasani nilipima maji yaleyale kwa vifaa vya zamani na vipya, nikiwa na uhakika wa jibu. Vya zamani vilisema soda ni sawa. Vipya vilisema iko chini, tena chini sana. Nikarudia. Nikarudia tena. Nikatazama mahali nilipokuwa naviweka vile vya zamani tangu mwanzo, dirishani, kwenye jua ambalo sikutaka chaza alile, na dawa yake ilikuwa imebadilika rangi kutoka buluu kuwa kama chai hafifu. Kwa miezi kadhaa vilikuwa vinaniambia maji yako vizuri, nami nikawa simwongezei soda, hadi siku ile. Chaza alikuwa amepungukiwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kimejaa kwenye magadi. Mzee asiyeona alikuwa amekitaja kwa swali moja. Walichokosea ni kiasi tu, kwa sababu walipima kwa ng'ombe. Ukucha wa baba ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo wa mvua.

Jumamosi nilikwenda Gorong'a. Nilibeba vidonge, sukari, majani ya chai na mche wa sabuni, na njia nzima nilikuwa nautunga msamaha. Ulikuwa msamaha mzuri, una utangulizi.

Nilimkuta ameinama kwenye mihogo. Tuliamkiana. Akatembea mbele yangu kwenda kwenye nyumba, na nikaona miguu yake. Vifundo vilikuwa vimevimba, viatu havijafungwa kamba. Siku nane bila kidonge. Hapo utangulizi wote ukanitoka kichwani.

Mke wa jirani alileta ugali wa mtama na mboga ya mgagani iliyotiwa maziwa. Baba alikula kidogo, akanawa. Akatazama migomba.

"Yule?"

"Nani?"

"Mwenye macho."

"Yupo."

"Amefungua?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nilimwelewa baba vizuri sana wakati ule. Nikisema amefungua, atafurahi, kwa kweli atafurahi. Nikisema nisamehe, atasema yameisha, na yatakuwa yameisha. Atanisindikiza hadi barabarani, atanipa na mkungu wa ndizi, kisha atarudi kwenye mihogo yake kwa miguu ile. Mtu hamwiti baba yake akae mjini bila kazi. Nilikuwa nimeshajaribu.

"Hajafungua tangu uondoke," nilisema.

Hakunitazama. "Midomo ina rangi gani?"

"Imepauka."

"Yote au pembeni?"

"Pembeni. Na kupe wamerudi."

"Wengi?"

"Wengi. Mimi nikiwatafuta siwapati."

"Huwezi kuwapata," alisema. "Unapapasa kama mtu anayeogopa kuchafuka."

Kwa kila swali nilikuwa na jibu la kitaalamu. Sijawahi kufundisha somo nikiwa nimejiandaa vile. Nilivyoendelea kusema ndivyo njaa ya wiki nzima ilivyonijia. Nikala, nikaongezewa, nikakomba bakuli kwa kidole. Baba alinitazama nikila. Kisha aliingia ndani, akatoka na koti na fimbo, akameza vidonge viwili bila maji, akamwambia mke wa jirani awatazame kuku.

Tulifika Turwa saa tisa na nusu. Nilikuwa nimefikiria maneno ya kumwambia mlangoni, kwamba labda asubuhi ameanza kupata nafuu kidogo, lakini baba alitangulia kuingia. Taa ilikuwa inawaka. Chaza alikuwa amefungua hadi mwisho, midomo imemwagika nje ya kombe pande zote, ya buluu kuliko nilivyowahi kuiona, na kwenye ukingo kulikuwa na mstari mweupe mpya unaoonekana kutoka mlangoni.

Baba alisimama upande ule ambao kivuli hakifiki. Alikaa pale muda mrefu.

"Tata, nadhani leo asubuhi ndiyo..."

"Nyamaza," alisema, bila ukali. "Nilijua tangu kule. Mtu aliyeacha mnyama mahututi nyumbani hakombi bakuli."

Nilimuuliza kilichobaki kuulizwa: kama alijua, amekuja kwa nini.

Aliinama kutazama ule mstari mweupe, akaukadiria kwa ukucha juu ya kioo.

"Ulipokuwa mtoto ulikuwa unanidanganya ili uondoke," alisema. "Mara mwalimu amewaita, mara kuna kwaya. Nilikuwa najua, nakuacha uende. Hii ni mara ya kwanza unanidanganya ili nije. Nikasema, acha niende."

Nikapiga goti pale kwenye sakafu yenye chumvi, nikamwambia shikamoo, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Akaondoa ukucha kwenye kioo, akaitikia.